Baba Amekariri Herufi za Kliniki ya Macho

Shangazi mpendwa, shikamoo. Mimi ni msichana, nimemaliza shule juzijuzi tu, na hata dukani huwa naona haya kuuliza bei, kwa hiyo ujue nimejikaza sana mpaka kukuandikia.

Baba yangu ni fundi wa mageti ya chuma, na mwezi uliopita alikuwa anasaga kona ya geti kwa grenda, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu anasema inamtoa jasho, kipande cha chuma kikaruka kikamchoma jicho la kulia, na bahati nzuri mwenzake hakumwacha alisugue wala alichokoe, alimkimbiza hospitali papo hapo, wakalishona, na tangu hapo mimi ndiye ninayemtia matone kwa sababu mama mikono inamtetemeka, na baba ananiita "daktari wangu", nikichelewa anapaza sauti, "Daktari, mgonjwa anakufa huku!" nami nacheka mpaka matone yanaangukia shavuni.

Shida ni hii. Kliniki naenda naye mimi, na muuguzi humfunika kwanza jicho bovu ili asome herufi za ukutani kwa jicho zima, halafu hufunika lile zima asome kwa bovu, herufi zilezile, na baba husoma bila kukwama, muuguzi anafurahi, mimi nafurahi, tukirudi mama anafurahi kuliko wote. Lakini wiki hii nimemsikia bafuni anajisemea "efu, zedi, eli, pi, di", nikadhani anaimba, kumbe ni mstari wa tatu wa kliniki. Nilipomuuliza akanivuta sikio taratibu, akasema, "Daktari wangu, usinichongee. Mama yako ndiyo kwanza ameanza kupata usingizi. Nikirudi kazini jicho litajizoeza lenyewe." Na nyumbani namwona anamimina chai pembeni ya kikombe, na jana alikuwa anapunga mkono kufukuza nzi wadogo weusi, wala hapakuwa na nzi hata mmoja, tukamcheka, naye akacheka.

Jumatatu anataka kurudi kwenye grenda. Shangazi, nikimwambia muuguzi nitamwaibisha baba, na yeye hajawahi kunigombeza maisha yangu yote. Nikinyamaza, jicho litapona? Na mbona halijapona wakati matone sijakosa hata mara moja?

Daktari wa Nyumbani

JIBU

Marahaba, binti yangu. Asubuhi hii, mara tu nilipoisoma barua yako, nilikupigia kwa namba uliyoiacha, ukanong'ona "ndiyo, Shangazi" kisha ukakata kabla sijamaliza. Angalau ulisikia niliposema baba aonwe hospitali leo. Sasa soma na mengine.

Wale nzi ndio walionishtua kuliko herufi. Mtu aliyeumia jicho akianza kuona vidoti vyeusi vinavyoelea, au mimweko ya mwanga, au kivuli kama pazia linashuka, huenda ndani kunavuja damu au ule utando wa nyuma unaopokea picha unabanduka. Huenda pia ni jambo dogo. Wewe hujui, mimi sijui, baba yako ndiyo kabisa. Anayejua ni daktari akichungulia ndani, na hilo halingoji tarehe ya kliniki wala hiyo Jumatatu.

Matone umeyatia vizuri, usijilaumu. Lakini matone hupoza uvimbe na kuzuia wadudu wa maradhi; hayaunganishi kilichochanika ndani. Jicho hurudi kuona kwa kadiri lilivyoumia: chuma kilizama kiasi gani, kovu limekaa katikati au pembeni, ndani kuliguswa nini, kuna maambukizi au hakuna. Kufika hospitali mapema kumemsaidia sana, nawe mshukuru yule mwenzake. Kilichobaki ni daktari kuambiwa ukweli. Akisomewa herufi za kukariri atapanga matibabu ya jicho ambalo baba yako hana.

Na wewe fundi, najua utasomewa haya, basi tega sikio. Jicho si bawaba mpya ya geti kwamba litalainika kwa kutumika. Unamimina chai mezani kwa sababu macho mawili ndiyo yanayopima umbali, nawe unatumia moja. Hilo moja ndilo unalotaka kulipeleka kwenye cheche, miwani ikiwa kwenye paji la uso? Mkeo amepata usingizi wa uongo, na wewe mwanaume mzima unamfundisha binti yako kukufichia! Kumpenda mkeo unakujua. Sasa jifunze kumwambia ukweli.

Binti, fanya hivi. Mwambie baba, mkiwa wawili tu, kwamba leo mnakwenda hospitali na kwamba habari ya wale nzi atamwambia daktari yeye mwenyewe. Akizungukazunguka, msemee. Huhitaji hotuba, mwambie muuguzi, "Tafadhali mpime kwa herufi nyingine, hizi anazijua kwa moyo." Wauguzi wameona wengi wa aina yake, hakuna atakayemcheka. Na grenda asiiguse mpaka daktari aseme.

Jicho lote litarudi? Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba lililobaki linaokolewa na anayewahi.

Atanuna, tena sana, maana hajazoea kusemewa na wewe. Mwache anune. Mradi akununie huku anakuona.