Koti la Mpiga Piano

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu zikufike huko kwenye baridi. Mguu wa bibi yako umepona, anagombana na kila mtu kama zamani. Umeniuliza kama nimewahi kumsikia mpiga piano kama wewe kwa masikio yangu. Nimemsikia, tena alianzia kwenye duka langu la ushonaji, mtaani Nyamirambo, ambako piano haikuwepo.

Ilikuwa mwaka tisini na moja. Mpiga piano mgeni kutoka Bujumbura alinipa kazi ya kumshonea koti la tamasha. Nilimpima amesimama, mikono chini, kama tunavyowapima mabwana harusi. Siku ya tamasha, mchana, akarudi akicheka, koti limepasuka mgongoni alipolijaribu kwenye piano.

"Fundi, umenishonea koti la kusimama, na mimi kazi yangu ni ya kukaa!"

Niliona haya. Nikamwambia, "Basi kaa hapa, upige."

Akakaa kwenye meza yangu ya kukatia, akaipiga kama piano. Vidole vilikimbia, mabega yakafunguka, mafundi wenzangu wakaacha cherehani zao kumtazama. Mimi nikaufuata mgongo wake kwa chaki. Kumbe mtu hupimwa akiwa kazini kwake! Nikafumua, nikaongeza kitambaa.

Jioni alinikalisha mstari wa mbele. Watu wote walisikiliza piano. Mimi nilisikiliza mshono. Ulinyamaza mpaka mwisho, nikapiga makofi kuliko wote.

Gauni lako la tamasha nitalishona mimi. Ila usinitumie vipimo vya kusimama. Mwambie mwenzio akupime huku unapiga.

Babu yako,
Fundi Shabani