Mamba, Mguu Wangu na Ubishi wa Sahal

Jumatano, Garissa.

Joto la leo ni la kumtoa mtu roho. Feni ya wodini inazungusha tu harufu ya dawa na ya kidonda changu, nami sina hamu ya kuongea na mtu. Kwa hiyo naandika.

Mguu wangu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Ilikuwa Ijumaa, shambani kwetu kando ya Tana. Nilikuwa na mdogo wangu, Sahal. Magugu yalikuwa yameziba bomba la pampu, nikaingia majini mimi, kama kawaida. Mimi sikufundishwa kuogelea. Niliingia mtoni utotoni nikaelea tu, na Hooyo, mama yetu, hadi leo huwasimulia wageni. Sahal nilimfundisha mwenyewe. Alikunywa maji, akatapika, akarudi, msimu mzima. Mpaka sasa anaogelea kama mbuzi aliyetumbukia kisimani.

Sikumwona mamba. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Alinivuta chini akanibiringisha, nikameza tope na damu yangu mwenyewe. Nilirusha mateke, nilirusha mikono, nikatumia kila nilichokijua kuhusu maji.

Kisha nikalegea.

Hilo sijamwambia mtu. Nilianza kutamka shahada moyoni, nikamwachia mamba mguu, nikamwachia na vingine vyote.

Sahal alikuwa amenikamata kwapani. Alikuwa ameibana miguu yake kwenye mzizi ukingoni, mkono mmoja umenizunguka kifua, mwingine una panga la kukatia magugu. Alipiga. Panga likateleza kwenye ile ngozi kama linapiga jiwe. Alipiga tena na tena, mpaka likamponyoka, akaendelea kwa ngumi. Nilipofumba macho alinizaba kofi.

"Walaal, ndugu yangu, usilale! Mimi sijachoka bado!"

Alikuwa amechoka. Nilimsikia akilia huku anapiga. Akamchomeka mamba vidole kwenye jicho, akachimba. Mnyama akauachia mguu wangu, akageuka, akafunga taya kwenye mkono wake, kisha akazama na vidole viwili vya mdogo wangu.

Sasa wajomba wanakuja na maziwa ya ngamia na dua, wanasema nimepona kwa sababu nayajua maji. Sahal anakaa kwenye kiti na bandeji yake. Jana nilishindwa kuvumilia. Nikawaambia, "Mimi nilishakufa. Huyu ndiye aliyekataa." Hooyo alijifunika uso kwa ushungi.

Leo asubuhi muuguzi ameniletea magongo. Nimejaribu, nimeanguka mbele ya wodi nzima. Nimelirusha gongo moja ukutani na kumtukana yule dada wa watu, ambaye hakuwa amenikosea chochote. Sijawahi kujifunza kitu kigumu maishani. Sijui hata kinaanzwaje.

Sahal ameliokota gongo, ameliweka kitandani kwa mkono wake mzima.

"Kule mtoni nilikuzaba kofi," amesema. "Na hapa nitakuzaba."

Nimecheka mpaka mshono ukauma. Halafu nimelia. Halafu nimesimama.

Nimeanguka kabla sijafika mlangoni.

Kesho nataka nianguke nje yake.