Fundo la Vidole Gumba

Tarehe 14 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti je, bado linakupigia kelele ukipanda ngazi? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sina hakika nacho, na ukisoma hadi mwisho utaelewa.

Nimefika salama. Sisi wanafunzi tuliokuja kwa mpango wa kubadilishana, chuo kinatupanga kwenye nyumba za watu, na mimi nimepangiwa kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, anayeishi peke yake juu ya duka la baiskeli. Kuta zake zote zina ramani, hata za chooni, kwa hiyo namwita Bibi wa Ramani, na jina amelipenda. Ni mwembamba, mkali, na anaimba huku anapiga mswaki. Chumba changu kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Naupenda ule ukuta. Haunitaki niongee.

Sasa sikiliza. Juzi tukinywa chai aliniuliza nimekuja kusoma nini hasa. Nikamwambia udaktari, na kwamba muhula wa pili tutaingia chumba cha kupasulia maiti. Akaendelea kupaka siagi kwenye mkate wake.

"Basi huenda tukakutana tena," akasema.

"Tutakutana wapi, Bibi?"

"Mezani. Mwili wangu nimeupa chuo. Nikifa wanakuja kunichukua, mnajifunza kwangu, mkimaliza mnanizika. Nipitishie jamu."

Mama, nilimpitishia jamu. Sikujua mkono ufanye nini kingine. Nilimtazama shingoni, mahali mshipa unapodunda, halafu nikaona haya kama mtu aliyechungulia bafuni.

Akauliza wewe unafanya kazi gani. Nikamwambia mama yangu anaosha maiti, kwamba hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyeondoka bila kupita mikononi mwako. Uso wake ukang'aa! "Safi kabisa," akasema. "Basi wewe utaniosha kabla gari la chuo halijafika. Sitaki kwenda shule na harufu ya kitanda."

Mimi, Mama. Mimi niliyekuwa nahamia kwa shangazi kila nikikuona umebeba ile ndoo ya bluu. Siku naondoka uliniuliza: mtu anayekimbia maiti atasomaje udaktari? Nilinuna njia nzima, na sasa nahisi swali limenifuata hadi huku.

Nifanyeje?

Bintiyo,
Chiriku

*

Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti limenyamaza, sasa kiuno ndicho kinachoongea. Wengine wote wazima. Shangazi yako anakusalimu, anasema ule.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jirani Redio alikuwa hapa anaazima chumvi. Alipoona uso wangu akanipokonya karatasi, akaisoma kwa sauti, na alipofika kwenye jamu akapiga yowe hadi fundi wa viatu akavuka barabara kuuliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna, ila kuna mtu anajiandaa.

Mtu kutoa nguo sadaka nimesikia. Kutoa damu nimesikia. Kujitoa mzima, na viatu? Miaka yote hii nawaosha watu ili waende kupumzika. Huyo anaoshwa aende darasani! Hama nyumba hiyo, mwanangu. Nenda ofisini kwao waambie wakupangie kwa watu wenye akili zao.

Hapo niliacha kuandika nikaenda kupika. Nimerudi. Bado sitaki umwoshe. Lakini kama itakufika, usije ukamwosha ovyo ukaniaibisha, kwa hiyo shika haya.

Maji yawe vuguvugu, yapime kwa kiwiko. Usimfunue wote kwa pamoja. Funua unapoosha, funika ulipomaliza. Mwambie kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Usiseme hasikii. Hilo hulijui, na mimi silijui.

Kwanza kabisa mfunge vidole gumba vya miguu kwa kitambaa laini, ili miguu itulie pamoja. Zungusha mara mbili, pitisha katikati, halafu ncha uzikunje kwa ndani zisimkwaruze. Ndivyo ninavyofunga mimi, na sijamwona mwingine anayefunga hivyo.

Ukimaliza, kabla hajavuka mlango, fungua. Mtu hasafiri amefungwa. Na afungue yule yule aliyefunga. Hilo sijawahi kumwachia mtu, hata siku ile nina homa.

Lakini hama.

Mama yako

*

Tarehe 22 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini kiuno kimepoa na nyote mko salama. Mimi mzima, nadhani.

Sikuhama. Na jana asubuhi Bibi alikufa.

Alikuwa amenituma maziwa. Niliporudi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, lenzi ya kusomea ramani mkononi, na nilimwambia maziwa ya jana yameisha dukani nimechukua ya leo, nikaenda jikoni, nikachemsha maji, nikamuuliza kama anataka sukari. Nilimuuliza mara mbili. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Nadhani ni kwa sababu ile mara ya pili nilikuwa nimeshajua.

Daktari wake alikuja, akathibitisha, akapiga simu chuoni. Wakasema gari litakuja mchana. Akaniuliza kama nataka kungoja chini, kwa watu wa baiskeli. Nikasikia mdomo wangu unasema hapana, nina kazi.

Nilimwosha, Mama. Nilipima maji kwa kiwiko. Nilimfunga vidole kwa kitambaa nilichokata kwenye shuka langu, na fundo lilikubali mara ya tatu. Nilimwambia, "Bibi, sasa naosha mkono wa kushoto. Bibi, sasa nakugeuza." Sauti ilikuwa yangu, lakini maneno yalitoka na mkato wako, hata ule mguno wako wa kuinama. Ni mwepesi kuliko mkoba wangu wa vitabu. Kidole chake cha mwisho kimepinda, sikuwahi kukiona. Tumekunywa chai pamoja kila siku na sikuwahi kukiona.

Nilikuwa bado namchana nywele waliposimama mlangoni, wanaume wawili wenye viatu visivyotoa sauti. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mjukuu. Nikasema ndiyo. Wakamfunika, wakamweka kwenye machela, wakashuka naye ngazi polepole, na mimi nikabaki na ndoo. Ya kijani, Mama, lakini ni ndoo.

Maziwa bado yako mezani. Niandikie.

Bintiyo,
Chiriku

*

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo, popote itakapokukuta. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya Novemba, na hujajibu hata moja. Jirani Redio kaniandikia kwamba u mzima, ila mimi nikitajwa unatafuta kitu cha kufagia. Nimeelewa kwamba umekasirika kwa kuwa niliwaacha wamchukue.

Nimehamia bwenini. Muhula wa pili umeanza, na chumba cha maiti kilinishinda. Nilikuwa nafika mlangoni, nasikia harufu ya dawa, nageuka. Mkuu wa kitivo akaniita akaniambia waziwazi: ukikosa tena somo hili, tunakurudisha kwenu. Kwa hiyo leo niliingia.

Kundi letu lilipangiwa meza ya dirishani. Somo lilikuwa mguu. Mwalimu akakunja shuka kuanzia chini, akaacha uso umefunikwa, na vidole gumba vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa chenye mistari ya shuka langu. Mizunguko miwili. Ncha zimekunjwa kwa ndani.

Mama, sikufungua. Wale watu walisimama mlangoni, mmoja akaniuliza habari za mjukuu, na mimi nikasahau. Amelala amefungwa tangu siku ile.

Mwalimu akasema fundi wa chumba aliliona fundo wakati wa kumtia dawa akaliacha. Lilifungwa na mtu aliyejua anachofanya, na yeye hakuona kama ni lake kulikata. "Sasa tulikate," akasema, na mwenzangu akachukua mkasi. Hapo nikapiga kelele. Mimi, uliyeniita Chiriku kwa kunicheka kwa sababu siongei, nilipiga kelele chumba kizima kikageuka.

"Msikate! Ni la kwangu!"

"Unamfahamu huyu?" mwalimu akauliza.

"Nilimfunga mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliniambia taratibu kwamba sikupaswa kupangiwa meza ile, kwamba naweza kutoka na sitahesabiwa kukosa. Nikaomba nifungue kwanza. Nilivua glavu. Kitambaa kilikuwa kimekauka kama ngozi, na kucha zangu fupi, ikanibidi nichomoe ncha moja moja. Nikamwambia, "Bibi, sasa nafungua. Samahani nimechelewa." Kilipotoka kiliacha alama, mifereji miwili myembamba.

Halafu sikutoka. Nilivaa glavu nyingine, nikahamia meza ya pili, nikafanya somo lote. Sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa.

Lakini sasa nimekaa na kile kitambaa na siwezi kulala. Niambie kama kuna la kufanya. Na kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Bintiyo

*

Tarehe 21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba, na nyingine mbili za zile barua nilizonyamazia. Kiuno kipo. Jirani Redio yupo, kwa bahati mbaya.

Sikukasirika. Nilisoma barua yako ya Novemba: ukapima maji, ukafunga, ukaosha, ukachana, wakashuka naye ngazi. Nikaisoma tena natafuta mahali ulipofungua. Nikaigeuza karatasi nyuma. Hapakuwa na kitu. Moyo ulinipasuka, mwanangu. Ningekuambia, ungefanya nini, ukavunje mlango wa chuo? Ningesema mengine na hilo nikaliacha, ningekuwa nakudanganya, na wewe unanisoma vizuri mno. Basi nikawa nafagia.

Barua hii ya sasa niliisoma nimekaa, nimejifunza. Nilipofika kwenye kitambaa chenye mistari niliinuka, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Redio akaniuliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna, ila mtu kafunguliwa.

Yule fundi aliyekataa kukata, msalimie. Mwambie mama yako kasema mkono wake ubarikiwe.

La kufanya lipo. Kitambaa kifue, kianike kivulini, kitunze. Wakimaliza masomo yao wakataka kwenda kumzika, omba ruhusa umwoshe tena, hivyo hivyo alivyo, kilichobaki. Usinitafute kwa maelekezo, unayo. Mfunge kwa kitambaa kile kile.

Halafu, Chiriku, hata aje nani mlangoni, aulize nini, mwambie asubiri. Fungua kwanza.

Mama yako,
na mwenzako wa kazi