Kibuyu cha Uzi Mwekundu

Jumamosi, 3 Julai 1993

Ndizi za pombe zimeshuka leo na meli ya Bukoba. Mikungu minne, mibichi kabisa. Nimeifukia shimoni nyuma ya jiko, nikawasha moto wa pumba pembeni. Baridi! Upepo wa ziwani unaingia mpaka kwenye mifupa.

Jumapili ya wiki ijayo tunaonja rubisi ya kipupwe, pombe yetu ya ndizi, kwa mwenzetu Kemilembe, kama kila Julai. Mwaka huu si mchezo – atakayeshinda ndiye atakayempikia Padre rubisi ya yubilei yake. Miaka ishirini na mitano ya upadre! Namwomba Bikira Maria anisaidie. Sijui kama ni vizuri kumsumbua kwa ajili ya pombe.

Sabina naye anapika. Msukuma wa kwanza kukubaliwa kati yetu Wahaya, na aliyemwombea nafasi ni mimi. Ni jirani, muuza maandazi. Kila asubuhi ananiletea manne ya moto dirishani. Rubisi amejifunza kwangu, miaka miwili, kwa kuangalia tu. Amefurahi kama mtoto aliyeshonewa gauni la komunyo.

Ijumaa, 9 Julai

Ndizi zimegoma. Ganda la njano, ndani ngumu. Nimekanyaga na majani mpaka kiuno kinauma – maji kidogo, hayana utamu. Nimetia mtama wa kukaanga, nimefunika, nimesubiri. Kimya. Hata povu!

Nimekwenda mjini. Zamani sukari ilikuwa kwa foleni na kujuana, siku hizi magunia yamejaa mpaka mlangoni. Nimechukua kilo mbili. Na kopo la hamira. Maduka mawili ya kwanza nimeyapita kwa sababu wananijua.

Kwetu kutia hamira kwenye rubisi ni aibu kubwa. Mama aliwahi kumwaga pombe ya shangazi mbele ya wageni kwa kosa hilo hilo. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka shangazi alivyojifunika uso kwa kanga.

Mungu nisamehe. Mwaka huu tu.

Jumapili, 11 Julai

Siwezi kulala na hili bila kuliandika.

Vibuyu vitatu mezani. Mkwe wa Kemilembe ndiye aliyevifunga nyuzi shingoni – nyekundu, nyeupe, nyeusi – asijue mtu kipi cha nani. Mwonjaji mkuu mzee Bagenda, kaka yake Kemilembe, karani mstaafu. Alikuja na mrija wake mwenyewe mfukoni kama kalamu.

Akaanza na uzi mwekundu. Nami nikaonja. Ni changu! Nilikijua mara moja. Mzee akafumba macho. “Hii ndiyo! Hii imenifikisha Bukoba bila tiketi.” Uzi mweupe akasema tamu mno, ya wajawazito. Kemilembe akamtupia kitambaa, maana ilikuwa yake.

Uzi mweusi akakunja uso. “Kali. Inakwaruza. Hii imetiwa hamira.”

Kilikuwa cha Sabina.

Kemilembe akapiga makofi. “Hamira! Na nani hapa analala nayo, jamani, kama si muuza maandazi?” Wakacheka wote. Sabina hakucheka. “Mzee wangu, hamira naijua. Kwenye kibuyu changu haimo.” Akanigeukia. “Dada, uliniona nikipika. Waambie.”

Wakanitazama wote. Nikavuta ya uzi mweusi ili nipate muda. Ee Mungu wangu – ilikuwa safi! Kali kweli, lakini safi, kama ya Mama. Na mimi nikasema: “Labda mikono haikunawa vizuri.”

Kwa upole nilisema, kama namtetea. Ndiyo kauli iliyommaliza.

Sabina akavuta mrija wa uzi mwekundu. Akaikalisha mdomoni. Akautazama uzi, akanitazama mimi. “Hongera, dada. Imeumuka vizuri.” Wakamcheka upya – rubisi haiumuki, mama, unaumuka unga! Mzee Bagenda alipaliwa kwa kucheka.

Nimepewa yubilei.

Jumatatu, 12 Julai

Maandazi manne dirishani, ya moto. Shikamoo dada. Marahaba. Basi. Nimekula moja tu.

Alhamisi, 15 Julai

Pale bombani sasa wanamwita Mama Hamira. Hata wenzetu wa jumuiya, na wamemaliza kusali! Mume wake Chenge nimemsikia ng'ambo ya ukuta – nilikuambia hao hawatakupa kiti, wewe kaanga maandazi yako.

Jioni Sabina amemwaga rubisi yake yote iliyobaki. Ndoo kwa ndoo, mtaroni. Nilikuwa dirishani na rozari, tendo la tatu. Sikusimama. Niliendelea kuhesabu punje kama mtu anayesali.

Jumamosi, 17 Julai

Nimeungama. Nimesema: nimesema uongo. Padre hakuuliza uongo gani, nami sikumwongezea. Baba Yetu tatu. Nilipokuwa nainuka akanong'ona, “Na hiyo rubisi, Mama Venant, nasikia sifa zake.” Nimesali zote tatu, na mzigo ni ule ule.

Jumatatu, 19 Julai

Sabina amekuja mwenyewe. “Nikusaidie kukanyaga ya Padre, dada. Nione nilipokosea.” Ningemkatalia vipi?

Tumekanyaga pamoja, sketi tumezifunga magotini. Amenichekesha mara mbili. Ndizi bado ngumu, baridi haijapungua. Tukatia mtama, tukasubiri. Hakuna povu. Akauliza, “Kwako huwa inaamka saa ngapi?” Nikasema itaamka. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie, kweli – Mungu shahidi – tukataka kuongeza mtama, ukawa umekwisha, akanyoosha mkono rafuni kuchukua debe lingine.

Akashusha kopo.

Hakulifungua. Hana haja, analijua kuliko mimi. Aliligeuza tu, likasikika limebaki nusu. “Mama Venant, hii ni ya maandazi?”

Mama Venant. Siku zote huniita dada.

Mimi ambaye kila asubuhi nanunua maandazi kwake! Nikasema – ndiyo.

Akalirudisha pale pale, taratibu. Akanawa miguu, akanawa na mikono, mpaka kwenye viwiko, mbele yangu. “Haya,” akasema. “Basi kesho nisikuletee.”

Jumanne, 20 Julai

Saa moja na nusu. Dirisha nimeliacha wazi toka alfajiri, baridi yote imeingia ndani. Sauti yake naisikia nyumba ya tatu, anauza, anarudisha salamu. Sasa ya pili.

Rubisi ya Padre haijaamka. Kopo liko rafuni.

Amefika ukutani kwetu. Nimesimama na kalamu mkononi, nasikiliza kama atasimama.