Dume ya Mama Haitoki Bwera

Yaya, kaka mukubwa wa nyumba yetu,

Sikusalimii sana. Jirani yetu hapa Bwera mwenye simu aliniambia unataka ile dume ya kondoo ya mama, upelekee baba ya ule musichana wa Muhokya unataka kuoa. Ati jumamosi utatuma boda ije kuichukua. Mi mbele ya batu siongei, unajua. Lakini kwa karatasi hakuna mutu ananiangalia.

Unakumbuka mama alitufundisha sisi wawili siku moja? Wewe ulishika kondoo huku nyuma, kwa ile mukia nene, mi nikashika kichwa, mama akakata kwato na kisu, pole pole. Akakupa kisu, akakuambia, "Ukikata mupaka nyama, kondoo wewe utaibeba kwa mugongo mupaka kwa majani." Ulicheka. Zile kondoo ni fupi, rangi ya udongo, mama alizipata kwa mama yake. Mulima inapanda, majani kidogo inashiba, chumvi ya Katwe inalamba kwa mukono, basi. Kitu moja tu inashindwa: mutoto kuzaliwa wakati ya mvua. Ndiyo maana mama alikuwa anafunga dume kipande ya ngozi chini ya tumbo, ipande jike lakini isifike. Anafungua mwezi wa kwanza. Mimba miezi tano, mutoto inaanguka mwezi wa sita, matope imekauka na majani bado iko. Ulijua hiyo mbele ya kujua kusoma.

Na ulisoma na hizo hizo kondoo. Kila muhula moja ilienda soko. Mi nilibaki nyuma yao na fimbo.

Halafu ukakuja ule mwezi wa kumi na moja na marafiki wako wa Kasese. Mama alikuwa Butembo, matanga ya dada yake. Ukaona dume na ngozi yake, ukaniita mbele yao.

"Wee bubu, nani alivalisha kondoo nguo ya ndani?"

Rafiki wako moja akasema, "Ni yeye. Anaogopa itapata bibi mbele yake."

Mulicheka mupaka mutu akakaa chini. Ukakata kamba na kisu. "Acha muzee afanye kazi," ukasema. Mulikaa wiki mbili. Nilipaswa kufunga ngozi tena, kila siku nilifikiri, na kila siku niliona haya. Hiyo ni yangu, siiweki juu yako.

Lakini mwezi wa ine wewe haukukuwa hapa. Mvua haikupumzika. Asubuhi naokota mutoto kwa matope, mudomo baridi, napangusa na majani makavu, naweka karibu na moto ya jikoni. Mama anakamua jike, anatia maziwa kwa kinywa na kidole. Inanyonya kidogo, inaacha. Saba ilizaliwa, moja ndiyo ilibaki. Majike ikazunguka zizi inaita, kiwele ngumu kama jiwe, na mbili ikaoza kiwele, ikakufa nayo. Mama hakuuliza nani alikata kamba. Alisema tu, "Mwenye alisoma, miezi tano imemushinda kuhesabu."

Tulikupigia. Ulijibu, "Kondoo ni kondoo, itazaa tena."

Itazaa na nini, yaya? Hapa batu beko na zile dume kubwa nyeupe za kuletwa. Ikipanda jike zetu ndogo, mutoto inakwama njiani, jike na mutoto wanakufa. Nimeona kwa jirani, kule Kisinga pia. Ya namna yetu imebaki hii moja. Ukiipeleka ikuliwe kwa harusi, umemaliza kondoo ya mama yake mama.

Sasa ni mwezi wa kwanza, dume iko na majike yake. Usitume boda. Nimekasirika na wewe miaka mbili, na bado sijachoka.

Mama anauliza kama unakula vizuri. Sikumwambia naandika.

Baba mukwe mupelekee mbuzi. Akiuliza kwa nini kwenu kondoo haikutoka, umuambie wewe mwenyewe, na marafiki wako wakiwa pale.

Ni mimi, mudogo wako.