Ubavu wa Kushoto wa Mwantumu

Jumatatu, 5 Machi 1956
Singo, siku ya nne. Somo Bi Rehema kafika asubuhi na kibakuli chake cha manukato ya singo, kamsugua Mwantumu mpaka mgongo unang'aa. Mwari akisuguliwa hutekenyeka, hucheka. Huyu kalala. Kaamshwa kula, vijiko viwili vya uji, kalala tena. Harusi bado siku ishirini na sita. Kaka yangu yuko kazini huko Amani. Kaniachia bintiye tangu mama mtu alipofariki, na neno moja tu: nimtoe humu ndani kama alivyoingia. Usingizi huu siupendi.

Jumatano, 7 Machi
Mafindofindo. Shingo imevimba pande zote mbili, kooni kuna utando mweupe. Homa kila jioni. Nimemsukutulisha maji ya chumvi na ndimu. Mafindofindo nayajua, hayanitishi. Lakini asubuhi katapika.

Fundi Athumani, mshona nguo wa baraza ya pili, kaniuliza hali ya mgonjwa. Nani kamwambia kuna mgonjwa? Mwari wa watu hatajwi barabarani. Nimemjibu salamu yake, nikafunga dirisha.

Ijumaa, 9 Machi
Nimehesabu. Mwantumu hajaacha sala hata siku moja tangu Rajabu iandame, na Rajabu inakwisha. Msichana wa miaka kumi na minane, mwezi mzima bila kupumzika sala! Alipokuwa bafuni nimepekua furushi lake la vitambaa. Vikavu. Vimekunjwa vilevile nilivyovikunja mimi.

Nikakaa kitandani kwake. Kabla hajawekwa ndani ni nani alikuwa akipeleka nguo kwa fundi Athumani? Yeye. Nani alikuwa akimtuma? Mimi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hajasema mtu bado ila moyo wangu.

Jumapili, 11 Machi
Homa bado. Somo kaacha kumsugua, kaniita uani. Anasema kagusa kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto.

"Bi Mwanaidi, mpeleke mtoto hospitali. Hilo bandama, na bandama halichezewi."

Nimemwambia nitaangalia. Simwamini. Somo na mwari wake ni chungu na kifuniko, kuficha siri ndiyo kazi aliyoitiwa. Bandama! Mimi sikuzaa, nitajuaje mimba changa inakaa upande gani?

Hospitali siendi. Dresa, yule mfunga vidonda wa wodi ya wanawake, ni mtu wa Kigombe, binamu yake Abdala, na Abdala ndiye bwana harusi. Neno likitoka kwa daktari saa nne, saa sita liko Kigombe. Nitamwandikia nini kaka yangu?

Jumanne, 13 Machi
Nimefanya mwenyewe. Nimechukua mafuta ya nyonyo, nikamwambia namkanda uchango. Chini ya kitovu, laini. Nikapandisha mkono. Ubavu wa kushoto pana kitu kigumu, kikubwa kama embe bichi. Kanishika mkono, kaniomba nikande polepole. Nikasema moyoni, anaficha huyu. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nilitaka alie, aseme jina la mtu. Hakulia. Kageukia ukutani. Nimetoka na hasira.

Baada ya adhuhuri. Analalamika bega la kushoto. Bega sikuligusa.

Alasiri. Midomo imekuwa myeupe. Jasho la baridi. Kajaribu kukaa, kaanguka. Somo kakimbia kutafuta gari.

Jumatano, 14 Machi
Yu hai. Wamempasua jana jioni. Bandama lilikuwa limepasuka, tumbo limejaa damu. Wamelitoa lote.

Daktari Mhindi aliniuliza kama alianguka. Nikasema la. Kama alipigwa. Nikasema la. Yote mawili kweli, nami ni mwongo.

Ilitakiwa damu. Yangu haikukubali. Yule dresa niliyemwogopa ndiye aliyepeleka habari Kigombe, na Abdala kaja juu ya lori la samaki, pindo za kanzu zimelowa. Kanyoosha mkono, katoa chupa nzima. Hakuniuliza neno. Kanipa shikamoo, nami nikashindwa kumtazama.

Jumamosi, 17 Machi
Kafungua macho, kaomba maji.

Daktari kanieleza taratibu. Si malaria. Damu imepimwa: ni homa ya tezi. Wengi hupona kwa kupumzika tu. Lakini kwa wengine koo huziba, wengine hupata manjano, na bandama huvimba likawa tepetepe, kulisukuma kidogo tu linapasuka. Hedhi nayo huweza kuchelewa kwa maradhi kama haya. Mimba hana. Hilo sikumwuliza. Labda kaliona usoni mwangu.

Kasema ugonjwa huu hupitia mate. Mate! Moyo ukaruka tena palepale: mate ya nani? Nikamwona fundi Athumani na sindano zake. Ndipo nikakumbuka. Januari koo liliniuma mimi, juma zima. Na kila jioni tulikuwa tukikaa ukumbini, mimi na yeye, namng'atia tambuu, nusu yangu nusu yake, kama nilivyomzoesha tangu utoto.

Nilifika mlangoni nikarudi. Nikamwambia daktari hakuanguka wala hakupigwa, ni mikono yangu hii ilimkanda. Kaandika. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu.

Wazee wa Kigombe wana lao: damu ya Abdala ikiwa mwilini mwake, si wamekuwa ndugu? Shehe kawajibu kwamba damu si ziwa la kunyonya, fungeni ndoa yenu. Hilo peke yake limenichekesha mwezi huu.

Alhamisi, 29 Machi
Tuko nyumbani. Harusi imesogezwa hadi baada ya Idi. Asibebe ndoo, asipande ngazi. Nimemwandikia kaka yangu kila kitu. Jibu halijaja.

Leo nilikuwa namsuka ukumbini. Sina tambuu, nimeiacha. Kasema bila kugeuka:

"Shangazi, ulidhani nina mimba."

Nikasema ndiyo.

"Nilijua. Niliporudi kutoka bafuni nikakuta furushi langu limefungwa fundo jingine. Ubavu ulikuwa ukiniuma tangu siku ya kwanza ya singo. Nikaona nikitaja tumbo tu, utaamini. Nikanyamaza."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimemsomea tangu mdogo, na leo ilinifika ulimini. Nikaimeza. Aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Nimemwomba radhi. Kaniambia nywele za kisogoni nimezivuta mno. Nikalifumua lile tuta, nikaanza tena, polepole.