Mume Wangu Anataka Kulitoa Gari la Mjukuu kwa Sababu Halingurumi

Mshauri wangu mpendwa, Shangazi Anastazia,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Ulemo. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili, rohoni ndiyo kunachemka. Mama mkwe wangu, bibi Kristina, hajambo, ni magoti tu yanamsumbua na baridi hii, anakusalimu sana na anasema ukurasa wako ukisomwa hapa nyumbani yeye huzima redio. Mjukuu wangu Selina hajambo, ameota meno ya chini na anauma kila kitu. Mama yake, binti yangu Janeth, yuko Dar es Salaam kwenye kazi ya kiwandani, naye hajambo, anapiga simu kila akitoka zamu. Shemeji yangu Paschal, mdogo wa mume wangu, hajambo sana, tena amenenepa, na nitakwambia kwa nini salamu zake naziandika kwa kujilazimisha. Mume wangu mzee Mathayo naye ni mzima, anakula, anakunywa chai, ila na mimi haongei, akitaka chumvi anamwambia mama yake aniambie. Sijui huko kwenu, natumaini wote hamjambo.

Sasa naomba msaada, tena naomba nikiwa na hasira, unisamehe maandishi yangu, shule niliishia la nne.

Selina alizaliwa nyayo zake zimegeukia ndani, zinatazamana, na daktari wa kliniki kule Singida mjini akasema zitanyooka bila kisu ilimradi tumpeleke kila Alhamisi afungwe hogo, ile plasta ngumu ya kunyoosha mguu, wanafungua la zamani, wanaunyoosha mguu kidogo, wanafunga jipya, lakini akatuonya kabisa, mkiruka wiki mguu unarudi ulikotoka. Sisi tunakaa ndani kutoka barabara ya lami, na mtoto mwenye hogo miguu yote miwili huwezi kumpakata kwenye bodaboda, basi mwanzoni tukawa tunapelekwa na gari la Paschal, lile kubwa la silinda sita, ambalo likiwashwa bibi Kristina anashika vikombe. Gari lile linakunywa petroli kama limetumwa. Mara petroli imeisha njiani, mara Paschal anasema wiki hii hela ya mafuta haipo, na mtoto akaruka kliniki, akaruka tena, mpaka daktari akatuambia turudie kuanzia mwanzo, nikalia pale pale kwenye benchi mbele za watu.

Ndipo Janeth akajinyima huko Dar akanunua gari dogo la mtumba, la haibridi, akatuletea, kadi ya gari yenye jina lake akabaki nayo yeye. Akamwambia baba yake, "Baba, hili ni la miguu ya Selina, linatumia petroli na betri yake lenyewe, hulichaji popote, wewe endesha tu." Na Mathayo akaliendesha, Shangazi, simsingizii, kila Alhamisi tulikuwa njiani, tukienda na kurudi mshale wa mafuta ni kama haujasogea, na daktari akafurahi, akasema mguu wa kulia umeanza kuitika.

Kumbe furaha yetu inamwasha mtu. Paschal kila akija hapa ni maneno tu. "Kaka, hilo umeliwasha au unapumzika humo ndani?" Ukipita kwenye mnada watu wamefundishwa wanauliza, "Mzee Mathayo, leo umelichaji kwa sola?" Paschal anasema gari la mwanaume lisikike likiwa bado Misigiri, anasema umeme na petroli kwenye bati moja siku moja tutaokotwa vipande vipande. Mathayo mwanzoni alikuwa anamjibu, "Wewe nguruma, mimi nafika," na watu wanacheka, lakini mtu akichekwa kila siku kuna mahali panaingia.

Mimi kwa kuonyesha kwamba ni gari la heshima nikalifumia vitambaa, vya waridi na kijani, viti vyote kama makochi ya sebuleni. Na pale ubavuni mwa kiti cha nyuma kuna kijidirisha cha plastiki chenye matundu matundu, kinavuta vumbi vibaya sana, ukiweka kiganja unasikia upepo unaingia, basi nikakishindilia kitambaa, nikakaza na pini, vumbi lisimwingie mtoto kifuani. Hata Mathayo alisifu, akasema sasa gari limepata mwenyewe.

Haikupita muda mdomo wa Paschal ukalishika. Tulikuwa tunapeleka mahari Mandewa, ya Christopher mtoto wa Paschal, jua linawaka, wazee wamevaa makoti, wamejazana kiti cha nyuma, vioo juu. Karibu na geti la wakwe pana kakilima, gari likawasha taa nyekundu, likapungua nguvu, likazima. Wanawake wa kule wametoka na vigelegele wakakuta wazee wetu wanasukuma gari na makoti yao, vigelegele vikakatikia kooni, na shangazi mmoja wa upande wa binti akauliza kwa sauti, "Karibuni wakwe, na hilo nalo ni sehemu ya mahari?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Paschal akatokea nyuma na lile linguruma lake, akafunga kamba, akatuvuta mpaka ndani ya uwanja, huku anapiga honi! Mathayo ndiye ameshika usukani kule nyuma, anavutwa kama ndama. Nilimwona uso, Shangazi, na nilimwonea huruma.

Wakati wa kurudi gari likawaka lenyewe kama hakuna kitu, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Tulipofika nyumbani akasema, "Mwisho wa mwezi Paschal analeta lake, anachukua hili, tumebadilishana, nimemaliza." Nikamwambia Mathayo, na kliniki je? Akasema, "Kwani watoto wa zamani walipelekwa na haibridi?" Nikamuuliza, miguu yao iliponea wapi? Akatoka nje. Toka siku hiyo gari limewekwa, kliniki hatujaenda, hogo la Selina limeanza kulegea.

Nikaficha ufunguo. Ni kidude kama rimoti, nimekifunga kwenye khanga na natembea nacho kifuani, na Mathayo akimtuma mama yake aniulize mimi nasema sijui, namdanganya mume wangu mbele ya mama yake mzazi. Paschal juzi amekuja akasimama mlangoni akasema, "Shemeji, mimi nakusaidieni tu, hilo bomu nani mwingine atalichukua?" Nilitaka kummwagia uji. Nimefikiria nichukue mtoto niende kwa kaka yangu Mitundu, lakini huko kliniki ndiyo itakuwa mbali zaidi. Janeth bado sijamwambia, naogopa atagombana na baba yake, na baba yake akikasirika husema maneno ambayo hayafutiki.

Nitoe ufunguo au nisitoe? Nifanye nini mimi? Nijibu haraka mwanangu, mwezi unakwisha na hogo linalegea, nijibu upesi.

Mimi Mama Janeth, Ulemo.

JIBU LA SHANGAZI ANASTAZIA

Mama Janeth, shikamoo. Bibi Kristina, shikamoo, na asante kwa kuzima redio.

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Niliporudia nikakukasirikia na wewe. Unisamehe, nitakukaripia kama mtoto anavyoruhusiwa kumkaripia mama yake, yaani kidogo na kwa haraka.

Kile kijidirisha ulichokishindilia kitambaa ndipo gari linapopumulia. Magari hayo yana betri kubwa huko nyuma, chini ya kiti au nyuma yake, na ikifanya kazi inapata joto kama mtu anayelima. Feni inavuta hewa ya ndani kupitia matundu yale ili kuipoza. Wewe ulikaza na pini! Nilimpigia fundi wa magari hayo nikamsomea barua yako, nilipofika kwenye pini akaniomba nirudie tena. Siku ya mahari mlipanda kilima, jua kali, vioo juu, wazee wamejaa, betri ikachemka, gari likajizima lisiungue. Lilipopoa likawaka. Mdomo wa Paschal hauna nguvu hiyo, usimpe sifa za bure.

Kitambaa kitoe leo. Halafu fundi anayeyajua, mwenye kompyuta ya kupimia, aisafishe feni na aipime betri kabla hamjapakia mtu. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa salama, huenda joto limeiumiza, na betri ya namna hiyo ikifa ni msiba wa mfuko. Hilo ni kweli na shemeji yako angelisema hilo ningemheshimu. Asikubaliwe mtu wa kijiweni kufungua nyuma pale, zile nyaya za rangi ya chungwa zinaua.

Sasa ufunguo. Mpe mumeo. Ndiyo, mama, mpe, mkononi, usimpitishie mama yake. Wewe unalinda rimoti kifuani wakati ulinzi wenyewe uko Dar es Salaam: umesema kadi anayo Janeth. Gari ni lake. Mathayo hawezi kubadilishana kitu ambacho si chake, Paschal hawezi kukipokea, na wewe huwezi kukificha. Mpigie Janeth leo, umweleze yote pamoja na vitambaa. Kumficha ili asigombane na baba yake ndiyo njia ya kuwagombanisha, maana atakuja kusikia gari lake linaendeshwa na baba mdogo.

Ukimpa mumeo ufunguo, mwambie habari ya kijidirisha wewe mwenyewe, kabla fundi hajamwambia mbele za watu. Atakasirika. Mwache akasirike, kisha mkumbushe kwa upole kwamba na yeye alisifu.

Baba Mathayo, shikamoo. Najua unasomewa hii, na kama umetoka nje, basi unasikilizia dirishani. Ulivutwa kwa kamba mbele ya wakwe, na aliyekuvuta akapiga honi. Ni aibu, na mimi ningeumia. Lakini nikuulize, baba: gari bovu, gari la kike, bomu la kuwapasua vipande, mbona mdogo wako analitaka hivyo? Mtu hubadilisha kizima chake kwa kibovu cha mwenzake lini? Kachoka kulinunulia petroli lile la kwake, basi! Alisema nyinyi mnafika yeye ananguruma, au ulisema wewe? Ni wewe. Ulikuwa sahihi siku ile, kabla hawajakucheka. Gari lake lina kazi, tena kazi nzuri, kubeba gunia za alizeti na kupita kwenye tope. Nyumbani kwako hakuna gunia linalosubiri Alhamisi. Na ile kauli ya watoto wa zamani, baba, unawajua wengine hapo kijijini, wanatembea kwa pembeni za nyayo mpaka leo. Umeshasahau kuwaangalia kwa sababu umewazoea.

Nimalize na wewe, mama. Nimekukaripia kwa kitambaa, lakini hasira yangu kubwa haiko hapo. Wote wanne, wewe na rimoti yako, mumeo na kununa kwake, Paschal na honi, hata bibi na kupeleka ujumbe wa chumvi, mnapigania gari, na tangu mlipoanza mtoto hajaenda kliniki. Hogo linalegea wakati watu wazima mmenuniana! Alhamisi hii usisubiri fundi, usisubiri mwisho wa mwezi. Mtoto mbebe mgongoni mpaka kwenye lami, mumeo akubebee mfuko, mpande basi mwende Singida. Ni mbali, mtachoka, mtafika. Daktari akiwagombeza nyamazeni, mmestahili.

Kisha niandikie upesi, mstari mmoja unatosha. Usinieleze habari za gari. Nieleze daktari alisema nini juu ya mguu wa kulia.